Msimu wa Zabibu na Kaka Yangu Rais

9 Septemba
Daktari wa mjini Telavi ameniambia niandike presha yangu kila asubuhi. Leo nimeandika: mbaya. Nafasi iliyobaki kwenye ukurasa ni kubwa, basi nitaandika na sababu.

Sababu ya kwanza ni binti anayeitwa Nutsa. Ameshuka leo kutoka mji mkuu, Tbilisi, na begi moja na kinasa sauti kidogo, atakaa chumba cha juu mpaka mavuno yaishe. Anaandika kitabu kuhusu kaka yangu Revaz, Rezo kwetu nyumbani, aliyekuwa rais wa nchi hii miaka mitatu, akajiuzulu, akafia ugenini. Nusu ya watu humwita mkombozi, nusu nyingine hawamtaji mezani. Nutsa anasema amechoshwa na nusu zote mbili, anataka kumpima upya, yeye na wakati wake.

Sababu ya pili ni kwamba nilinyoa ndevu na kuvaa shati safi ili nijibu maswali, na swali lake la kwanza akamuuliza mke wangu.

11 Septemba
Presha mbaya. Leo zamu yangu imefika. Tumekaa barazani, kinasa sauti mezani kati ya jibini na nyanya.

"Mzee Jumber, utotoni alikuwa mtu wa namna gani?"

"Wa kupindua ubao," nikamwambia. "Tulikuwa tukicheza nardi, ule mchezo wa ubao na kete. Akishinda, anakuita ndugu yangu mpenzi. Akiona anashindwa, mguu wake unateleza kwa bahati mbaya, kete zote chini. Mwandike hivyo. Ndivyo alivyotawala."

Nilisema asubuhi nzima. Nilisema alivyolilia kuwa mbele kwenye kila picha, na alivyokuwa akihutubia kuku wa mama akiwa na miaka minane. Nilisema pia lile linalonikaa rohoni: alipopata urais, binamu yetu alipewa reli. Zaur jirani, ambaye hajui tofauti ya siki na divai, alipewa kiwanda cha divai. Mimi, tumbo moja na yeye, sikupewa hata ulinzi wa geti.

Nutsa akawa anaandika polepole, kwa adabu tu. Mara mke wangu Lamara akapita na ungo wa jozi, akasema bila kusimama, "Na siku ile alipomvulia koti mtoto wa mchungaji, theluji mpaka magotini, hujamsimulia?"

Kinasa sauti kikageuzwa upande wake papo hapo. Jozi zikamenywa mpaka mchana, na kila jozi ina hadithi ya Rezo ndani yake. Nimekaa na mwanamke huyu miaka arobaini na moja, sikujua ana hadithi nyingi hivyo. Zangu zingejaza jozi ngapi?

13 Septemba
Mawingu. Sukari ndani ya zabibu bado haijafika kiwango. Hakuna jipya.

15 Septemba
Zaur amekuja na gongo lake na lori lake jeupe, analiegesha mlangoni kwangu ili nilione. Nutsa akamkaribisha kiti. Jirani akajishika kifua.

"Binti yangu, mimi na Rezo tulikuwa chanda na pete. Hakufanya jambo bila kuniuliza."

"Zaur," nikasema, "alipojiuzulu si wewe uliyechinja kondoo?"

"Nilichinja kwa huzuni."

"Ukapiga na zumari kwa huzuni?"

"Jirani, kijiba cha roho kitakuua kabla ya presha," akanijibu, na Lamara akacheka. Alicheka akiwa upande wa Zaur, si wangu. Zabibu za Zaur mwaka huu ni nzito kuliko zangu, zinaning'inia kama viwele vya mbuzi, na shamba lake linapata jua la asubuhi. Sielewi Mungu anagawa vitu kwa kipimo gani.

17 Septemba
Mvua ya mawe. Imetoka milimani saa tisa alasiri, ikavuka bonde la Alazani kwa mstari mmoja, ikapiga shamba la Zaur mpaka mashina yakabaki uchi, ikaishia kwenye ua wetu. Kwangu yameanguka majani tu.

Mungu anisamehe, nilikula vizuri chakula cha usiku. Lamara aliniangalia nikichukua mkate wa pili, akaondoka mezani.

18 Septemba
Presha nzuri. Imeniaibisha.

20 Septemba
Leo nitaandika mengi, potelea mbali.

Tulikuwa tunaosha mtungi mkubwa. Mitungi yetu imefukiwa ardhini mpaka shingoni, na huu ni wa babu, mtu mzima anasimama ndani asionekane. Anayeosha huingia na brashi ya gome la mcheri, anasugua kuta, na kazi yake ya pili ni kuimba. Mle ndani hewa ya divai ya zamani ni nzito, imewahi kuua wanaume wenye nguvu kuliko mimi. Wimbo ukikatika, aliye juu anajua umezimia, anaita watu, unavutwa. Kwa hiyo mtu hata akiwa na sauti ya punda lazima aimbe.

Lamara alikaa juu, kando ya mdomo wa mtungi, na kamba, kama kila mwaka. Mimi nikawa chini naimba wimbo wa kulimia. Mara nikasikia kiti kinaburutwa na sauti ya Nutsa. Kinasa sauti chake sasa kimenifuata mpaka shimoni, nikawaza, lakini si kwa ajili yangu.

Kuta za mtungi hukuza sauti. Nilipoimba kwa nguvu sikusikia kitu. Nikaimba kwa chini. Nikasikia "Rezo." Nikaimba kwa chini zaidi, kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Ilikuwa majira ya baridi ya kwanza ya utawala wake," Lamara alikuwa anasema. "Gari jeusi likasimama pale getini. Dereva akasema, Mheshimiwa Rais ametuma, mdogo wake aje Tbilisi leo hii, akawe mshauri wake. Ofisi iko tayari."

Wimbo ulinifia mdomoni. Sikuukata mimi, ulikufa wenyewe.

"Jumber?" ikaita sauti ya juu.

Nilikaa kimya. Nilisikia vizuri sana. Sikujibu kwa sababu nilijua nikifungua mdomo nitatukana.

"Jumber! Jumber weee!" Kisha giza, kitu kimeziba mdomo wa mtungi, na kichwa cha mke wangu kikanishukia kichwachini, nywele zimefunguka, mikono miwili inanitafuta, na Nutsa huko juu amemshika miguu anapiga kelele. Uso wake ukafika kwenye uso wangu. Damu inamtoka kwenye paji, amejigonga kwenye ukingo.

"Umekufa?" akauliza.

"Gari gani?" nikasema.

Akanipiga kofi. Akiwa kichwachini vile vile, akanipiga kofi.

Tulipotoka tulikaa chini ya ghala, wote wawili tumejaa tope. Nutsa alikuwa na busara ya kwenda kutafuta maji.

"Nilimrudisha dereva," Lamara akasema. "Nikamwambia, mwambie shemeji, yeye ana nchi nzima, mimi nina huyu mmoja."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Sokoni Telavi, unauza siki."

"Na nilipotoka sokoni kwa nini hukuniambia?"

"Ungekwenda."

"Kwa hiyo miaka yote hii namlaani kaka yangu kwamba alinisahau, unanisikia, unanipakulia maharage tu!"

"Nilikuwa nakupakulia ukiwa hai. Mwanamume aliyempeleka mtu gerezani kwa sababu ya picha ya jogoo, nikupeleke ukae karibu naye?"

Nikamuuliza lile ambalo nadhani nilitaka kuuliza tangu harusi. "Ulimpenda?"

Alijifuta damu kwa upindo wa gauni. "Nani hakumpenda? Yeye alikuwa anaongea. Wewe unalalamika."

21 Septemba
Sisemi na mke wangu.

22 Septemba
Sisemi naye. Jeraha la paji limevimba. Nimemwachia dawa dirishani, bila kusema.

23 Septemba
Nimekuwa nikimwonea wivu Rezo kwa kura, kwa picha, kwa umati uliojaa uwanja ukiliita jina lake. Hayo yote nimeyazoea kama meno mabovu. Hili ni jipya. Walikuwa na siri, wao wawili. Yeye kule ikulu alijua kwamba aliniita na nikazuiwa. Lamara hapa jikoni alijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nje ya mlango wa maisha yangu. Hata dereva alijua!

25 Septemba
Tumeanza kukata. Zaur amekuja na mkasi wake na mkewe, hana cha kuvuna kwake. Sikumwita, lakini sikumfukuza. Lori jeupe linabeba zabibu zangu. Nilidhani nitafurahi kuliona.

26 Septemba
Leo nilikata mstari mmoja na Nutsa, yeye upande huu wa mzabibu, mimi upande ule. Ni rahisi kusema na mtu usipomwona uso.

Nikamuuliza, "Binti, kwa nini Rezo? Nchi ina marais wengine wa kuwachambua."

"Baba yangu ndiye aliyechora jogoo," akasema.

Nilisimama. Picha ile kila mtu anaikumbuka, jogoo juu ya lundo la samadi, kifua mbele, na uso wa kaka yangu. Mimi nilicheka mpaka nikalia ilipotoka gazetini. Mchoraji akakaa gerezani misimu miwili ya baridi, gazeti likafungwa.

"Mapafu yake hayakupona," Nutsa akasema. "Hawezi kupanda ngazi za kwetu. Nimekua nikimchukia mtu huyu, Mzee Jumber, kwa chuki safi kabisa. Kisha siku moja baba akaniambia kwamba Rais alimpigia simu, wiki moja baada ya kujiuzulu. Alimwomba radhi. Alilia kwenye simu. Halafu, kabla ya kuaga, akasema, 'Ila ndugu yangu, mkia ule uliuchora mdogo mno.'"

Nilikaa chini kwenye udongo nikacheka, Nutsa naye akacheka upande wa pili, tukashindwa kukata. Ni yeye. Ni Rezo mzima mzima, anakuomba radhi na jicho moja liko kwenye kioo.

"Unaona shida yangu," Nutsa akasema alipotulia. "Wanaompenda wananipa radhi bila mkia. Wanaomchukia wananipa mkia bila radhi. Wewe pia."

Nilikata mashada matatu mabichi kwa kutoangalia.

27 Septemba
Presha sijapima. Nimewaza usiku, na asubuhi nikaandika hapa ili nisiwaze tena.

Siku ya mwisho ya utawala wake watu walijaa uwanjani, wale wale waliomwinua, safari hii na mawe. Majenerali walimwomba neno moja tu wafyatue risasi. Akaenda kwenye televisheni, akasoma karatasi, akaondoka kwa mlango wa nyuma na sanduku moja. Nimesema kila mahali kwamba ulikuwa woga. Nilisema kanisani, nilisema kwenye mazishi ya watu wengine.

Lakini mimi namjua tangu tukilala kitanda kimoja. Rezo hakuwahi kushindwa mchezo bila kupindua ubao. Siku ile alikuwa na ubao mkubwa kuliko yote na mguu wenye bunduki elfu kadhaa, akasimama, akauacha ubao na kete zake. Kama ni woga, basi ni woga aliokosa maisha yake yote mengine. Simsamehei gereza. Simsamehei ile baridi ya utawala wake, watu wakichoma viti vyao ili wapike. Ila hili silijui niliite nini, na inaniuma kwamba yeye aliliweza. Mimi kwa mke wangu sijaliweza, leo ni siku ya saba.

28 Septemba
Tumekanyaga zabibu. Miguu ya Zaur ni mibaya kuliko yangu. Mtungi wa babu umejaa nusu, unanguruma kwa divai inayochacha.

30 Septemba
Mvua nyepesi. Lamara amesema, "Chumvi." Nimempa chumvi. Tusiyaite hayo mazungumzo.

4 Oktoba
Karamu ya mavuno ilikuwa jana. Naandika na kichwa kinachogonga.

Meza ilitoka ghalani mpaka kwenye mti wa jozi. Mishikaki ya nguruwe juu ya makaa ya mizabibu, kuku wa mchuzi wa jozi, mikate ya tanuri. Mimi ndiye mkuu wa meza katika kijiji hiki, hilo hata Rezo hakuniweza, alikuwa akilewa kwenye glasi ya nne na kuanza kujisifu mwenyewe. Mkuu wa meza ndiye anayesema kila neno la kunywea, na wengine hunywa baada yake. Nikainua glasi kwa Mungu, kwa amani, kwa zabibu, kwa jirani aliyepoteza zabibu zake. Zaur alilia kweli kweli, akanibusu begani.

Nikafika kwa marehemu. Miaka kumi nainua kwa "marehemu wetu wote" na kupita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemdai. Zaur, bado na machozi, akagonga meza.

"Mtaje! Mtaje kaka yako, Jumber, usiwe na roho mbaya!"

Nutsa akasogeza glasi yake ya divai pembeni. "Mzee Jumber," akasema, "kwa huyu mimi naomba bia."

Kwetu bia ni kinywaji cha jua kali, lakini ukiinua bia kwa jina la mtu umemtangaza adui yako. Mkewe Zaur akajifunika mdomo. Zaur akaanza kusimama, "Binti, hapa ni nyumbani kwake..."

"Kaa," nikamwambia. Nikaenda mwenyewe kwenye ndoo ya barafu, nikafungua chupa, nikammiminia mgeni wangu bia mpaka povu likamwagika. Kisha nikashika pembe ya divai.

"Kwa kaka yangu Revaz," nikasema. "Alifunga watu kwa kumcheka, na baba wa binti huyu ni mmoja wao. Aliwapa mabwege kazi za watu wenye akili, Zaur, samahani. Watu walikufa kwa baridi yeye akihutubia. Na siku alipoweza kuua, hakuua. Nimekuwa nikiwaambia nusu ya kwanza tu, kwa sababu nusu ya pili ilinikera. Kila mtu anywe kile moyo wake unachomruhusu."

Desturi inaniruhusu kumpa mtu mwingine neno kabla ya kunywa. Nikageukia mwisho wa meza, kule wanawake wanakokaa karibu na tanuri.

"Nampa neno Lamara."

Hakutegemea. Alisimama na kisu cha mkate mkononi, jeraha lake la paji limeshakuwa la njano.

"Alituma gari mara moja," akasema, "hiyo Jumber anaijua. Hajui kwamba mara ya pili alikuja mwenyewe. Usiku, miezi miwili kabla hajajiuzulu, bila walinzi, anaendesha vibaya, aligonga geti. Jumber alikuwa amelala kwa homa. Nikamkuta Rezo hapo barazani, amekonda. Nikamwambia, shemeji, una mawaziri, una washauri mia, unamtakia nini mkulima? Akaniambia, 'Kule kila mtu ananiogopa, Lamara. Kila ninachosema ni kizuri. Nataka mtu mmoja tu atakayeniambia ninapindua ubao.'"

Makaa yalikuwa yanalia mafuta.

"Nikamnyima," Lamara akasema. "Nikampa mkate na jibini ale njiani, nikafunga mlango. Nimewaza tangu hapo kama nilifanya vizuri. Sijui. Kwa Rezo." Akanywa divai yote, akakaa, akajifuta macho kwa mkono wenye kisu.

Nikanywa. Zaur akanywa. Nutsa alikaa na bia yake muda mrefu, akainywa nusu, akaweka glasi chini.

5 Oktoba
Asubuhi tulikuwa jikoni watatu. Begi la Nutsa liko mlangoni, basi lake la Tbilisi ni la mchana. Lamara anamenya vitunguu. Tumeanza kusemezana, kuhusu vitunguu.

Usiku kucha nilikuwa nimelala nikiwa mtu mkubwa, nitasema ukweli. Yule rais aliyeogopwa na wote alimhitaji mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni mimi. Niligeuka geuka kitandani nikajiona nimesimama kwenye zulia la ikulu, nimenyoosha kidole, namwambia, Rezo, mwachie mchoraji. Rezo, lifungulie gazeti. Nchi nzima ingekuwa nyingine. Hata mapafu ya baba wa Nutsa. Sikuwa na wivu hata chembe, kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimejaa kama mtungi.

Nutsa akawasha kinasa sauti, akakiweka mbele yangu. Mbele yangu mimi.

"Swali la mwisho, Mzee Jumber. Angekukuta macho usiku ule, ungekwenda naye?"

"Bila viatu," nikasema.

"Na ungemwambia ukweli?"

"Mimi?" nikasema. "Mdogo wake wa tumbo moja? Ningemwambia usoni, kila siku, mbele ya majenerali wake."

Nyuma yangu kitu kilianguka sakafuni. Ni kisu. Lamara alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili, ameinama, mabega yanatikisika, nikadhani ni vitunguu. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akajaribu kurudia lile neno langu "usoni" akashindwa, akanionyesha kwa kidole, mimi na shati langu safi na kidevu nilichonyoa kwa ajili ya kinasa sauti, akaanza upya.

Nutsa aliniangalia, akanyoosha mkono ili akizime kinasa sauti.

"Kiache," nikamwambia. "Hilo ndilo jibu."